Kiti Kirudishwe kwa Waliokitoa



Wiki tatu zilizopita wawakilishi wanne wa vijana kwenye kamati yetu waliandika barua moja, wakaisaini wote wanne, wakaacha viti vyao. Sababu mnaijua, ila tuiandike ili asije mtu akaibadilisha. Waliitwa kikao kuhusu mabadiliko ya mgao. Walipofika walikuta uamuzi umeshachapwa, soda zimepangwa, na karatasi ya mahudhurio iko mezani inawasubiri. Wakasaini kwamba wamehudhuria, kama kawaida. Siku kumi baadaye ripoti ikatoka ikisema jamii, wakiwemo vijana, ilishauriwa na ikakubali. Yaani saini ya kuhudhuria ikageuzwa saini ya kukubali. Wakaomba ripoti isahihishwe. Wakajibiwa kwamba imeshatumwa juu. Ndipo wakajiuzulu.

Mpaka hapo hatuna ugomvi mpya. Linalotufanya tuandike leo ni kilichofuata. Viti vinne viko wazi, bloku nne hazina mwakilishi wa vijana. Badala ya kuitisha uchaguzi mdogo, ofisi imeteua "mbadala" wanne kutoka kwenye orodha ya wafanyakazi wake wa posho. Na waliojiuzulu wameambiwa, kwa mdomo tu na si kwa barua, kwamba hawataruhusiwa kugombea tena kwa sababu "wamekimbia kazi".

Sisi tunasema hapana. Na kwa kuwa tumeambiwa mara nyingi kwamba wakimbizi tunaleta siasa za kwetu kwenye nchi za watu, leo hatutatumia mfano wa kwetu. Tutatumia mfano wa Kenya, nchi inayotuhifadhi, maana swali hili Kenya ililikuta zamani kabla wazazi wengi wetu hawajazaliwa.

Turudi nyuma kidogo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Chama tawala kilikuwa KANU, chama cha jogoo. Upinzani ulikuwa KADU. Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe na wabunge wake wakahamia upande wa serikali. Shikeni hilo vizuri, tutalirudia. Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyeulizwa kama anakubali mbunge wake ahame. Hakuna uchaguzi mdogo ulioitishwa. Walipigiwa makofi, ikasemwa huo ndio umoja wa taifa.

Lakini ndani ya KANU yenyewe moto ulikuwa unawaka. Upande mmoja alikuwepo Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, na watu kama Bildad Kaggia na Achieng' Oneko. Hao wawili walikuwa miongoni mwa wale sita wa Kapenguria walioshtakiwa na Waingereza pamoja na Jomo Kenyatta, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hawakupigania uhuru. Walikuwa wakiuliza maswali ambayo hata leo yanauma: ardhi ya walowezi inakwenda kwa nani? Kwa nini mtu aliyenyang'anywa shamba auziwe shamba lake mwenyewe? Upande wa pili alikuwepo Rais Kenyatta, na Tom Mboya aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama, na wengi serikalini. Kaggia aliwahi kukejeliwa na Rais hadharani kwamba wenzake waliofungwa naye wamejijenga, yeye amejifanyia nini? Fikirini. Kutojitajirisha kukawa kosa.

Machi 1966 chama kikafanya mkutano Limuru. Nafasi ya makamu wa rais wa chama, iliyokuwa ya Odinga, ikafutwa, na badala yake wakawekwa makamu wanane wa majimbo. Hakufukuzwa. Aliondolewa kiti chini yake huku akiwa amesimama hapohapo. Aprili 14 akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi. Oneko akaacha uwaziri. Wabunge na maseneta wakaanza kuihama KANU kwenda chama kipya, Kenya People's Union, KPU, chama cha fahali.

Serikali ikafanya nini? Mwezi haujaisha, Bunge likaitwa haraka na katiba ikabadilishwa. Kanuni mpya ikasema: mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akikihama chama hicho, aachie kiti na arudi kwa wapiga kura. Baadhi ya waliokuwa wamehama waliposikia hivyo wakageuka mbio, wakataka kurudi. Waliobaki walikubali kwenda kuulizwa. Ndivyo ulivyozaliwa uchaguzi mdogo wa Juni 1966, viti 29 vya mabunge yote mawili kwa mpigo. Ulikuwa mkubwa mpaka ukapewa jina lake: Uchaguzi Mkuu Mdogo.

Sasa hapa tutasema jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa. Kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Sisi tunaikubali. Mtu aliyepewa kiti na watu kwa msimamo fulani, akibadilisha msimamo au akiona hawezi tena kuutekeleza, arudi kwa waliompa. Kiti si kanzu kwamba ni ya aliyeivaa. Kubaya kulikuwa kwenye namna kanuni ilivyotengenezwa na ilivyotumika. Iliandikwa kwa namna ambayo waliotoka KADU haikuwagusa, kwa sababu chama chao kilikuwa kimeshavunjwa. Wanaohamia serikalini walipita mlango mkubwa bila kuulizwa. Wanaoiacha serikali wakawekewa kizuizi barabarani. Kanuni ikichagua wa kumkamata, hiyo si kanuni tena, ni mtego.

Na mtego ukatumika kweli. KPU ilipewa wiki chache tu za kujipanga. Ukitaka mkutano wa hadhara lazima uwe na leseni, na leseni ilikuwa mikononi mwa watawala wa wilaya, nao wakainyima KPU kila walipotaka. Redio ilikuwa ya serikali. Pesa, magari, mawaziri kuzunguka nchi nzima, vyote vilikuwa upande mmoja.

Matokeo: KANU viti 20, KPU viti 9. Kaggia akashindwa Kandara, kwao. Oneko akashindwa Nakuru. Odinga akashinda Bondo kwa kishindo. Lakini wanaoandika historia ya Kenya wanatukumbusha jambo moja: ukijumlisha kura, KPU ilipata nyingi kuliko KANU. Watu walijitokeza na waliongea. Mgawanyo wa viti ndio uliosema lugha nyingine.

Tumeisimulia hadithi hii kwa sababu kila hoja tunayopigwa nayo leo kambini imeshajibiwa kule.

Hoja ya kwanza: "kujiuzulu ni kukimbia kazi". Haya, tuulize, nani alikimbia mwaka 1966? Yule aliyeacha gari la serikali, bendera na mshahara wa makamu wa rais akaenda kusimama juani Bondo kuomba kura upya, au yule aliyesikia habari ya uchaguzi mdogo akarudi mbio kwenye usalama? Ukitaka kujua kama mtu anakimbia au anapinga, angalia anakwenda wapi. Anayekimbia anakwenda mbali na watu wake. Anayepinga anawarudia. Wawakilishi wetu wanne hawakuomba kuhamishwa wala hawakuomba kazi nyingine. Waliomba kitu kimoja: bloku ziulizwe.

Tusidanganyane lakini, si kila kujiuzulu ni kwa kupinga. Wenzetu wa kikundi hiki walioko Tanzania wanakumbuka mwisho wa mwaka 2017, wabunge wa upinzani walipoanza kuachia viti wakisema wanakwenda "kuunga mkono juhudi" za Rais. Mbunge wa Kinondoni kupitia CUF alijiuzulu Desemba, Februari 17, 2018 akasimama palepale Kinondoni kwa tiketi ya CCM, akarudi bungeni. Kiti kilekile, mtu yuleyule, shati jipya. Na siku moja kabla ya kura, kwenye vurugu za polisi na waandamanaji wa upinzani, mwanafunzi aliyekuwa ndani ya daladala, hana habari na siasa ya mtu, alipigwa risasi akafa. Kwa hiyo tunajua uchaguzi mdogo unaweza kuwa mchezo mchafu, tena mchezo unaoua. Ndiyo maana tuna kipimo chetu: aliyejiuzulu amepoteza nini? Kama hakupoteza chochote na amepata zaidi, huyo hakupinga, amefanya biashara. Wanne wetu wamepoteza posho ndogo iliyokuwa inawasaidia nyumbani. Mmoja wao ndiye anayelea wadogo zake. Tunajua uzito wa alichokiacha.

Hoja ya pili: "watashindwa, sasa uchaguzi wa nini?" Inawezekana. Kaggia alishindwa. Lakini alishindwa mbele za watu, kwa kura zilizohesabiwa, na swali lake la ardhi likabaki kwenye midomo ya watu wa Kandara mpaka leo. Ukiteua mbadala gizani humshindi mtu, unamficha tu. Na kama ofisi ina uhakika kwamba vijana hawako na hawa wanne, mbona inaogopa kuwauliza? Serikali ya mwaka 1966, pamoja na hila zake zote, angalau ilikubali kwenda kwenye sanduku. Wao walilazimishwa kurudi kwa wapiga kura. Sisi tunaomba kurudi kwa wapiga kura, tunakatazwa. Nani sasa yuko nyuma ya mwaka 1966?

Hoja ya tatu tunaiheshimu zaidi, kwa sababu inatoka kwa wazee wetu, si ofisini. Baba mmoja wa bloku ya jirani alituambia: "Wanangu, mkiitisha uchaguzi watu watapiga kura kwa makabila. Tumekimbia hayo." Mzee, shikamoo, na hofu yako ni ya kweli. Hata mwaka 1966 ilitokea. KPU ilianza kama chama cha hoja, chenye watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Baada ya uchaguzi mdogo ilibaki na nguvu hasa Nyanza, ikawa rahisi kuiita chama cha Wajaluo. Kutoka hapo neno "mpinzani" na jina la kabila vikaanza kutembea pamoja, na Kenya imelipa gharama ya jambo hilo kwa miaka mingi. Hatulifichi.

Lakini tujiulize, nani aliifanya KPU ionekane ya kabila moja? Chama kikinyimwa leseni za mikutano, kitabaki na nguvu kule tu ambako watu wanajuana bila mikutano. Ukizuia watu wasisikilizane kwa hoja, watasikilizana kwa lugha ya mama. Dawa ya ukabila si kufuta kura. Dawa ni kuwapa wagombea nafasi ya kuongea na wote. Ndiyo maana tunataka kila mgombea asimame mbele ya bloku nzima, aulizwe maswali kwa Kiswahili, Mkongo amuulize Msudani na Msomali amuulize Mrundi, kabla ya siku ya kura. Mkitaka kuona ukabila wa kweli, tazameni jinsi "mbadala" wanne walivyopatikana, halafu hesabuni wenyewe wanatoka wapi. Sisi hatutaji.

Hoja ya nne: "nyinyi ni wakimbizi, siasa si yenu". Ni kweli, hatupigi kura ya ubunge hapa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa haki hiyo raia, nasi si raia. Na kule kwetu hatupigi pia, kwa sababu hatuko. Sanduku la kura linatupita pande zote mbili. Kwa kijana aliyezaliwa kambini na sasa ana miaka 20, kura ya mwakilishi wa bloku ndiyo kura pekee aliyowahi kupiga maishani. Hiyo moja! Uganda wenzetu wana mabaraza ya ustawi wa wakimbizi, wanachagua viongozi kuanzia ngazi ya chini mpaka ya makazi mazima. Hapa tuna bloku na zoni. Ni vidogo, ndiyo. Lakini mtu mwenye shuka moja usimwambie ni dogo kisha ukalichukua.

Wengi wetu kwenye kikundi hiki tumetoka Kongo. Kule mgombea ubunge anaandikwa pamoja na wasaidizi wa kukaimu kiti chake. Akiondoka, akiteuliwa waziri, akifa, msaidizi anaingia moja kwa moja, na mara nyingi utakuta ni ndugu yake. Hakuna kurudi kwa watu. Tumekulia kwenye mazoea ya kiti kurithiwa kama ng'ombe. Tulidhani tukifika hapa, mahali ambapo kila semina inaanza na neno "ushiriki", tutafundishwa kitu kingine. Kumbe mbadala ametufuata mpaka ng'ambo ya mpaka.

Sasa tuwageukie nyinyi wa mashirika. Tunajua si nyote. Tunajua wengine wenu mnabanwa na ripoti, na wafadhili, na bajeti inayopungua kila mwaka, na bosi anayetaka jedwali lijae kabla ya Ijumaa. Tunajua mgao haukupunguzwa na yule dada wa ofisi anayetusalimia asubuhi. Hatusemi kikao kingeweza kurudisha chakula ambacho pesa yake haipo. Tunasema hivi: kama hakuna, tuambieni hakuna. Msituandike kwamba tumekubali. Njaa tunaweza kuivumilia pamoja, tumeshaivumilia zamani. Kuandikiwa ndiyo wakati ulisema la, hilo ndilo lililowaondoa wanne wale kwenye viti.

Na muone Kenya ilivyokwenda baada ya Juni 1966, si kama kitisho, ni kama historia tu. Mwaka uleule sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ikapata nguvu mpya. Mwaka 1968, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa KPU wapatao 1,800 zilikataliwa zote, eti zina makosa. Zote! Oktoba 1969 Kenyatta akaenda Kisumu kufungua hospitali, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kenya ikakaa na chama kimoja mpaka Desemba 1991. Miaka 22. Ukiufunga mlango wa kura mdogo, hujui ni mlango upi mwingine unaufunga pamoja nao, wala nani atakuja kuufungua, wala lini.

Lakini angalieni pia Kenya ya leo. Kanuni ya mwaka 1966 bado ipo kwenye katiba, ibara ya 103: mbunge akikihama chama kilichompeleka bungeni, anapoteza kiti. Tofauti ni kwamba sasa kuna muda uliowekwa. Kiti cha mbunge wa kuchaguliwa kikiwa wazi, uchaguzi mdogo unafanyika ndani ya siku 90. Haijali kama spika anakupenda. Kanuni iliyozaliwa kama mtego, watu wameihangaikia miaka mingi mpaka imekaribia kuwa haki. Hicho ndicho tunachotaka kukiiga. Hatuombi upendeleo kwa wanne. Tunaomba kanuni.

Kwa hiyo madai yetu ni haya, na tumeyapeleka kwa maandishi pia:

Uteuzi wa mbadala wanne usimamishwe. Hatuna chuki nao, ni wenzetu, na wakitaka wagombee kama mtu mwingine yeyote.

Uchaguzi mdogo ufanyike kwenye bloku nne ndani ya siku 30. Msituambie habari ya gharama. Mwaka jana tulipiga kura kwa maharage na mahindi kwenye ndoo mbili nyuma ya turubai, tukahesabu mbele ya watu, tukamaliza kabla ya jua kuwa kali. Ndoo tunazo.

Waliojiuzulu waruhusiwe kugombea. Wakishindwa, tutawapigia makofi waliowashinda na tutakaa kimya. Wakishinda, ripoti ile irekebishwe, sentensi moja tu: vijana walihudhuria, hawakukubali.

Na kanuni iandikwe na kubandikwa ubaoni: kiti kikiwa wazi kwa sababu yoyote, kinarudi kwa bloku. Kisijazwe ofisini, hata siku ambayo aliyejiuzulu ni mtu tusiyempenda. Hasa siku hiyo.

Nanyi wanne, mnajijua. Baadhi yetu tuliwacheka mlipoandika ile barua. Tulisema mngebaki ndani mpiganie humohumo. Labda tulikuwa sahihi, labda hatukuwa. Lakini hilo si la kuamuliwa na sisi tunaoandika hapa, wala na ofisi. Lina wenyewe, wako bloku, wanajaza maji. Njooni mwaulize.